Ukurasa wa Tatu wa Mwalimu Zefania

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, niwape kesi iliyonishinda. Imewashinda na wengine kabla yangu.

Huko Lushoto walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Singano, mtunza bustani, alikuwa na kumbukumbu ya nyimbo: akiusikia wimbo mara moja hausahau tena, ingawa kusoma nota hakujua. Tumsifu, mwalimu wa kwaya, alikuwa na sikio la kuchambua sauti: ukimwimbia mstari mmoja, anakuambia besi itapita wapi na alto itasimama wapi. Hoza, mpiga piano wa kanisani, alikuwa na mikono. Kipande ambacho wengine walikipiga kama wanaohesabu, yeye alikipiga kikakukaa kifuani.

Wote watatu walimpenda mzee mmoja, Mwalimu Zefania Shemhilu. Ndiye aliyewafundisha muziki Tumsifu na Hoza, na Singano alimlimia bustani miaka ishirini, dirisha la sebuleni likiwa wazi.

Mwalimu alikuwa na piano moja na kipande kimoja alichokipenda kuliko vyote. Ni kipande cha taratibu, kilichotungwa Ulaya katika karne ya kumi na tisa, enzi ambazo watunzi walitaka piano iseme yale yanayomshinda mtu kuyatamka. Alikinakili kwa mkono ujanani, kurasa nne, bila jina la mtunzi. Mwaka mmoja mvua ya masika ikavuja darini, ukurasa wa tatu ukaoza. Mwalimu hakujali, maana alikuwa nao kichwani. Lakini uzee ulipomkolea, ukaanza kumtoka. Akifika pale vidole vinasimama.

Siku moja akamwambia mkewe, Bi Raheli, "Atakayenirudishia ukurasa ule, piano hii ni yake. Yake peke yake."

Wiki ile ile kiharusi kikamwangusha. Akabaki kitandani, hasemi, hainuki. Mkono wa kulia tu ndio uliotembea juu ya shuka, vidole vikitafuta, vinasimama palepale, vinaanza upya. Mchana kutwa. Daktari alisema hakuna la kufanya ila kumtunza.

Bi Raheli akawaita wale watatu, akawaeleza ahadi ile. "Wanangu, sijui anataka nini kingine. Mimi ni huo mkono tu ninaouona. Nisaidieni."

Singano akasimama mlangoni, kofia mkononi, akauimba ukurasa wa tatu kwa sol-fa, *do, re, mi*, kama kwaya za huku zinavyoimba. Aliimba mstari wa juu tu. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu.

"Sauti za chini je?" Tumsifu akamuuliza.

"Dada, za chini sikuzishika. Niko nje, upepo unapiga. Ulionifikia ni huo."

Tumsifu akazichukua kurasa zilizobaki, akakaa nazo siku mbili. Akagundua tabia ya mtunzi yule: juu, *so* inakaa palepale, *so, so, so*, huku besi ikishuka hatua ndogondogo, na kila besi ikishuka, *so* ileile inasikika nyingine. Kwanza ina furaha, halafu ina mashaka, halafu hujui ina nini. Kwa njia hiyo akazitafuta sauti za ukurasa uliooza, moja baada ya moja, akaziandika chini ya wimbo wa Singano. Zikakubali zote, isipokuwa mahali pamoja.

"Kaka Singano, hapa besi inatua kwenye *do*. *Do* inataka *mi* juu yake. Wewe umeniimbia *fa*. Zinagongana. Tuiweke *mi*."

"Mwalimu alipiga *fa*. Baadaye ndiyo *mi*."

"Una hakika?"

"Nilikuwa napalilia kabichi. Kila akifika hapo nilikuwa naacha jembe."

"Basi labda besi yangu ndiyo mbaya," alisema Tumsifu, akataka kuifuta.

Hoza akamshika mkono. "Usifute kitu, dada."

Akaketi kwenye piano. Akaishusha besi ya Tumsifu hadi *do*, na juu yake akaiegemeza *fa* ya Singano. Ziligongana kweli, zikauma. Akazishikilia, akazishikilia tena, kisha akaiachia *fa* ianguke taratibu kwenye *mi*. Bi Raheli aliyekuwa jikoni akaja na mwiko mkononi.

"Ndipo hapo," alisema. "Ndipo hapo kabisa."

Wakakisogeza kitanda sebuleni. Hoza akapiga kurasa zote nne. Mkono wa Mwalimu ulitembea juu ya shuka ukimfuata, ukafika mahali pale, ukapita. Kipande kilipokwisha, vidole vikatulia. Machozi yalimtoka, akawatazama wote watatu, akafungua mdomo. Walisubiri. Sauti haikuja.

"Mwalimu, tumepatia?" Tumsifu alimuuliza, akipiga magoti. "Fumba macho tu kama tumepatia."

Hakufumba. Aliendelea kuwatazama. Alhamisi iliyofuata akafariki.

Sasa, nyumba ile ni ya shule aliyokuwa akifundisha Mwalimu, na Bi Raheli ametakiwa kuhama mwisho wa mwezi. Piano lazima itoke. Watatu hao wote wanaitaka, na hakuna aliyeficha.

Singano alisema, "Mama, bila mimi kusingekuwa na wimbo wa kurudisha."

Tumsifu alisema, "Wimbo peke yake haukuuma. Besi niliyoitafuta mimi ndiyo iliyoifanya ile *fa* iume."

Hoza alisema, "Besi hiyo ilikuwa inafutwa, Tumsifu mwenyewe ni shahidi. Ningenyamaza, Mwalimu angekufa vidole vimesimama."

Bi Raheli aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akajifunika uso kwa khanga. "Nyote mnasema kweli. Mngekuwa mnadanganya ningeweza kuchagua."

Amemwendea mchungaji, mchungaji akamrudishia neno lilelile la marehemu: yake peke yake. Amewauliza majirani, wakagombana wao kwa wao. Mimi pia aliniuliza, ndiyo maana nimewaita.

Gari la kuhamisha vyombo linakuja Jumamosi. Haya, nyinyi mnaonisikiliza: mngekuwa Bi Raheli, dereva angeambiwa aipeleke piano kwa nani?