Mcheza Gofu Aliyenyamaza Hewani

Koleo ni mkono wa pili wa mhunzi. Kwa koleo hushika chuma kinachowaka, kwa maana mkono wa nyama hauthubutu. Likivunjika, mhunzi mpumbavu huzima moto akakaa kulilia majivu. Mwenye busara hujiuliza atakishika chuma kwa kitu gani kingine kabla hakijapoa. Benon Musoki wa Kasese alianza kama mhunzi wa kwanza, kisha akawa kama wa pili.

Benon alikuwa mcheza gofu wa kulipwa. Watu wengi wa Kasese hawakujua mchezo huo unachezwaje. Walijua tu kwamba mwana wao huitwa hadi Kampala, Kigali na Nairobi kukipiga kimpira hadi kiingie shimoni, na kwamba hulipwa kwa kazi hiyo. Alipopita sokoni, wauza nyanya walimpisha njia. Kichwa kilimvimba kidogo, lakini si kupita kiasi. Mjini walikuwapo waliovimba zaidi na hawakuwahi kupiga chochote.

Hata hivyo, hakuna marefu yasiyo na ncha. Siku moja, akirudi kutoka Kisinga kumwona mama yake, pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye tope, naye akaangukia mkono wa kushoto. Kifundo kilivunjika, na mfupa ulipounga, uliunga kombo. Tangu hapo, kila fimbo ilipogonga mpira, maumivu yalimpanda hadi begani kama siafu. Daktari alimwambia kwa upole kwamba mkono huo utalima, utabeba mtoto na utasalimia watu. Gofu, la.

Benon akazifunga fimbo zake ndani ya gunia, akazilaza chini ya kitanda, kisha naye akalala juu yake. Miezi ikapita yupo tu kama kuku aliyenyeshewa. Mkewe, Edisa, alivumilia hadi uvumilivu ukamwisha.

"Baba Bright," alisema asubuhi moja, ufagio mkononi, "fimbo ziko chini ya kitanda na wewe uko juu. Sijui nianze kufagia wapi."

Benon akajigeuza, akatazama ukuta.

"Docus wa redio anatafuta mtu wa kutangaza mpira. Kilichovunjika ni mkono. Ulimi mbona mzima? Jana tu umenigombeza juu ya chumvi."

Docus, msimamizi wa vipindi vya michezo katika redio ya mji, alimpokea kwa furaha, maana jina la Benon lilijulikana. Mechi yake ya kwanza ilikuwa kati ya Kasese na Bwera, mjini Kasese. Alitangaza vizuri, kwa sauti tulivu, mpaka dakika za mwisho timu zikiwa sare na Bwera wakapewa penalti.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Katika gofu, mchezaji anapojiandaa kupiga, watu wote hunyamaza. Hata mwenye kikohozi hukimeza. Benon aliishi na adabu hiyo tangu ujana. Mpigaji alipouweka mpira chini, Benon akashusha kipaza sauti taratibu, akainamisha kichwa kwa heshima, akanyamaza kimya.

Huko Bwera, watu waliozunguka redio zao walidhani zimezimika. Wakazitikisa. Wakazipiga makofi. Wengine wakatoa betri na kuziuma. Walipozirudisha, mechi ilikuwa imekwisha na tangazo la mbegu za mahindi lilikuwa hewani. Hadi jioni hawakujua kama wameshinda, na ndugu wawili walikuwa karibu kushikana mashati.

"Bwera yote imenipigia simu," Docus alimwambia kesho yake.

"Yule kijana alikuwa anajiandaa. Mtu akijiandaa, husemi. Ni adabu."

"Adabu! Yeye yuko katikati ya uwanja, wewe uko juu ya jukwaa. Anakusikia kwa sikio gani?" Docus akashusha pumzi. "Jumamosi Bwera wanacheza na Kisinga, kwao Bwera. Ukinyamaza tena, utanyamazia nyumbani."

Benon alijua nyumbani kulivyo. Kulikuwa na kitanda, na kuta alizokwisha kuzihesabu nyufa. Akikosa kazi hii, hakuona nyingine.

Ijumaa akaenda Bwera, kwa kuwa mcheza gofu hawezi kuingia uwanja ambao hakuukagua siku moja kabla. Penye malori, njiani kuelekea uwanjani, alimkuta mpakiaji aitwaye Sowedi, ameketi kivulini na wenzake, redio mapajani. Benon alipomsalimia, Sowedi aliinua kichwa.

"Hiyo sauti naijua. Ni wewe muntu wa kunyamaza?"

"Ni mimi."

"Betri yangu ya mupya nilitupa mu mutaro juu yako." Wenzake wakaangua kicheko. Sowedi hakucheka. "Sikia, muzee. Siye tuko huku na mizigo, mupira hatuoni. Macho yetu ni wewe. Ukifunga kinywa, siye wote tunakuwa vipofu."

Maneno hayo yalimchoma Benon, kisha yakamtuliza. Macho! Ni macho yaliyomlisha miaka yote, na macho hayakuvunjika. Akaingia uwanjani. Akarusha nyasi hewani kuupima upepo, akakanyaga ardhi kwa kisigino, akatambua jinsi upepo wa alasiri unavyoteremka kutoka milimani na kupinda kuelekea goli la upande wa chini.

Jumamosi, kipindi cha pili, bado hakuna bao. Bwera wakapata kona. Shakib, kiungo wao, akauweka mpira chini na kurudi nyuma. Uwanja ukatulia. Benon akahisi ukimya wa miaka mingi ukimpanda kooni. Akaumeza ukimya ule.

"Shakib anajiandaa," alisema. "Upepo wa mlimani uko mgongoni mwake, na umeongezeka sasa hivi. Kipa wa Kisinga amesogea mbele. Ningekuwa yeye, ningerudi golini. Harudi. Shakib anapiga, mpira uko juu, upepo umeushika, unaupinda, kipa anarudi nyuma, amechelewa, amechelewa, bao."

Kule kwenye malori, wapakiaji waliinuka kabla ya kelele za uwanjani kuwafikia. Sowedi alimkumbatia mtu asiyemjua.

Jioni simu ya Benon ililia. Alikuwa Docus.

"Wiki ijayo uko Bwesumbu. Huko juu kuna baridi. Beba koti."

"Kwa hiyo nimebaki kazini?"

"Nimekwambia beba koti."

Mkono wa Benon haukunyooka tena, na mvua ikikaribia humuuma hata leo. Gofu hakuirudia. Lakini kila Jumamosi, kutoka Kasese hadi mpakani, maelfu huona kwa macho yake, nao husema bila kupingana: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.