Nyani Alivyojaza Tanki la Nguchiro

"Haya, nyie! Mmekaa?"
"Tumekaa!"
"Mmeshiba?"
"Tumeshiba!"
"Waongo wakubwa. Sahani mmezilamba na bado macho yenu yapo kwenye sufuria. Basi hadithi hii haina mifupa. Niilete?"
"Ilete, bibi, tuitafune!"

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana magari yalikuwapo, aliishi Nguchiro mmoja mjane huko bondeni. Alikuwa mdogo, mwembamba, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Marehemu mumewe alimwachia watoto, mama mkwe na gari. Watoto walikula, mama mkwe alisema, na gari peke yake ndilo lisilomsumbua.

Lilikuwa gari fupi, la familia, la dizeli. Likikupita barabarani hugeuzi shingo. Lakini magurudumu yake yote manne yalivuta, na tope la bonde lile lililijua na kuliheshimu. Ubaya ulikuwa mmoja tu. Tanki lilikuwa kavu kama koo la mlevi asubuhi.

Na masika yalikuwa yameingia. Mto ulianza kupanda, ukameza mashamba, ukameza njia, ukafika karibu na shimo la Nguchiro. Ng'ambo ya kilima aliishi dada yake, mahali pakavu, na alishasema njooni. Ila kilima kilikuwa utelezi mtupu. Kwa miguu watoto wasingefika, na mama mkwe asingefika huku amenyamaza.

"Maji yanakuja," alisema mama mkwe.
"Nayaona, mama."
"Unayaona, umekaa."
"Nimekaa nafikiri, mama."
"Fikiri haraka, mwanangu. Mimi sijui kuogelea, na wewe hata pakavu hujui kupika, sembuse majini."

Dizeli yote ya bonde ilikuwa kwa Nyani. Nyani huyo alikuwa dume la mabega mapana na meno kama visu vya buchani. Mapipa ya watu aliyakusanya kwa nguvu, akayapanga, akayalalia. Wala hakuwa na kazi nayo! Gari lake yeye lilikunywa petroli. Lakini kukiona kitu cha mwenzake bila kukishika kulimwasha mwili mzima kama upupu. Na hilo gari lake, refu, linang'aa, lilivuta kwa magurudumu mawili tu ya nyuma. Mvua ya kwanza ilipopiga, lilizunguka, vruu, vruu, likajichimbia kaburi lake mpaka milangoni. Liko hapo mpaka leo, vyura wanazaliana ndani.

Nguchiro akajifunga kanga, akaenda.

"Shikamoo, Bwana Nyani."
"Marahaba. Una shida, naiona puani. Sema."
"Naomba dizeli kidogo nivushe watoto."
Nyani akajikuna tumbo. "Nipe gari, nikupe dizeli."
"Nikikupa gari, dizeli nitaifanyia nini? Nijipake?"
"Ukijipaka utang'aa. Shauri yako. Kesho nakuja kulichukua hata bila dizeli, na ukinizuia nakung'ata hicho kimkia."

Nguchiro akarudi nyuma hatua moja. Alijua Nyani hatishi bure. Akatazama mapipa, akatazama mto. Kisha akatabasamu.

"Nani kasema nakuzuia, baba? Chukua. Ila desturi ya bonde unaijua. Gari halibadilishi mwenyewe mpaka lijaribiwe, na anayejaribu ndiye anayejaza tanki. Tusije tukachekwa."

Ni kweli, desturi ilikuwapo, na kila mmoja bondeni aliishika. Hata Nyani, mwizi wa mapipa, aliogopa kuitwa mtu asiyejua kununua gari. Akalibeba pipa begani mpaka kwa Nguchiro, akaliinamisha. Glu, glu, glu, glu!

"Linakunywa kidogo," alisema Nguchiro. "Ukilijaza hivi, unakwenda mbali mpaka unasahau ulikotoka."
Nyani akajipiga kifua, pu, pu, pu! "Langu hili!"

Tanki likajaa. Nguchiro akavuta pumzi, ya kwanza nzima tangu mvua ianze.

"Na tena?" aliuliza Nyani.
"Na tena buti lake ni kubwa kuliko umbo lake. Lakini ukilitazama tupu utajuaje?"
"Basi lipakie!"
"Nipakie nini, masikini mimi? Labda hivi vyombo vyangu."
"Pakia, pakia!"

Wakapakia sufuria, magodoro, kinu, mchi, kuku na banda lao. Nyani ndiye aliyebeba kinu, maana Nguchiro alisema kinamshinda. Buti likameza vyote, likafungwa, tap!

"Langu hili!" Pu, pu, pu!

"Na tena?"
"Na tena ni gari la familia. Viti vya nyuma vina nafasi ya miguu, watoto hawapigani. Lakini bila watoto—"
"Waingize! Mbona unanichelewesha?"

Watoto wakaingia, mikia ndani, mikanda kifuani. Mama mkwe akaingia mwisho, akashusha kioo, akapandisha kioo, akashusha tena.

"Nani huyu anayenuka?" aliuliza.
"Ndiye mnunuzi, mama."
"Aa. Karibu, baba. Shusha vioo vyote, mwanangu."

Nyani akakalia usukani. Akawasha. Kokoro-kokoro-kokoro, ikaitika dizeli, haina haraka, haina wasiwasi. Wakaanza kupanda kilima. Tope likasema chwaaa! Gari likateleza kidogo nyuma, magurudumu ya mbele yakashika. Likateleza mbele, ya nyuma yakasukuma. Watoto wakaimba:

*Vuta mbele, vuta nyuma,*
*yote manne yanavuta!*

"Usilikanyage kama adui yako," alisema Nguchiro. "Dizeli nguvu zake ziko kwenye mwendo wa pole. Iache ipande yenyewe."

Nyani akapunguza mguu, na kweli, gari likapanda, pole pole, pwata, pwata, pwata, na kinu chake, na kuku wake, na mama mkwe anayesimulia ugonjwa wa goti. Nyani alifurahi mpaka akatoa ulimi.

"Langu hili! Langu hili!"

Huko nyuma mto ukaguruma. Nguchiro akageuka akaona maji yameingia shimoni mwake, yametoka upande wa pili, yanaondoka na mlango. Akageukia tena barabara.

Wakafika juu. Mbele kulikuwa na mteremko mrefu, umelowa, unang'aa kama sabuni. Chini kabisa ulionekana moshi wa jiko la dada yake. Nyani akafunga breki.

"Tumeona. Linatosha. Sasa shukeni wote na takataka zenu."

Watoto wakakata wimbo. Hata mama mkwe aliliacha goti lake katikati ya hadithi, na hilo halikuwahi kutokea tangu Nguchiro aolewe.

"Tushuke," alisema Nguchiro taratibu. "Masikini, hujaona kitufe."
"Kitufe gani?"
"Hiki. Kitufe cha kushukia. Unakibonyeza, unatoa mguu kwenye breki, gari linajishikilia lenyewe mteremko mzima. Gurudumu likitaka kuteleza linabanwa, ka, ka, ka, moja moja."
"Muongo!"
"Basi mimi muongo. Tushuke, watoto."
"Ngoja! Linabanwaje moja moja?"
"Ukiwa ndani huwezi kuona. Lakini nje usiende, Bwana Nyani, utalowa."
"Mimi ni wa kuambiwa nitalowa? Unataka kunificha ubovu, wewe mkia wa chupa! Nashuka naliangalia kwa macho yangu!"
"Na usukani atashika nani?"
"Wewe! Au unataka ashike mama mkwe wako?"

Nyani akaruka nje, chubwi, matope mpaka magotini. Nguchiro akachukua mfuko wa unga uliokuwa miguuni mwa mama mkwe, akaukalia kwenye usukani aone barabara, akabonyeza kitufe. Gari likaanza kushuka. Ka, ka, ka, taratibu, kama bibi harusi anayetoka chumbani. Nyani akainama, kichwa chini, makalio juu, anatazama magurudumu.

"Kweli! La mbele linabanwa! La nyuma linabanwa! Langu hili!"

Likaendelea kushuka. Ka, ka, ka.

"Langu hili! Inatosha, simama!"

Ka, ka, ka.

"Nguchiro! Nimeshaona!"

Nguchiro akatoa kichwa dirishani. "Bado hujaona linavyokwenda kwenye tambarare, Bwana Nyani! Endelea kutazama!"

Tambarare ilipofika akakanyaga. Kokoro-kokoro-kokoro! Nyani alikimbia hatua chache, akateleza, akakaa. Alipopata kusimama, gari lilikuwa dogo kama mende.

"Kapungua harufu," alisema mama mkwe, akapandisha kioo.

Hapo Nguchiro alicheka mpaka machozi yakamtoka, na baadhi ya machozi hayakuwa ya kucheka. Jioni ile watoto walilala pakavu kwa mama yao mdogo, matumbo yamejaa uji, mmoja juu ya mwenzake kama maembe kwenye tenga. Nguchiro akalala mlangoni, akanyoosha miguu yote, akasikiliza mvua ikipiga bati. Ilikuwa mvua tu. Haikuwa inamjia yeye.

Na bondeni mto uliingia kwa Nyani, ukayabeba mapipa yote, yakaelea, gongo, gongo, mpaka baharini. Yeye mwenyewe alikuwa juu ya kilima, amelowa, mzima. Angekuwa nyumbani amelala juu ya mapipa yake, leo tungekuwa tunamsema kwa heshima.

Sasa funzo, na nisikilizeni vizuri maana shuleni hawafundishi. Semeni kweli siku zote, kama Nguchiro. Kila alichokisema kuhusu lile gari kilikuwa kweli tupu. Na muwe na shukrani. Amemwokoa Nyani asife maji, na yule mshenzi hajaja kusema asante mpaka leo.

Hadithi nimeishusha hapa, asiyeitaka aipandishe mwenyewe kilimani. Kalaleni!