Kizibo cha Mgomba

Mtu mmoja wa milimani alikuwa na shamba kando ya mfereji, na mwana aitwaye Kiondo, msikivu kuliko vijana wote wa ukoo ule. Chini yao alilima mjane, Mama Nakijwa. Maji yalianzia shamba la juu, na kila asubuhi, mahindi yakishashiba, baba alisema, "Mfungulie mama." Kiondo aling'oa kizibo cha mgomba kilichoziba njia ya chini, maji yakateremka kwenye maharage ya mjane.

Kiangazi kimoja baba aliitwa ghafla kumuuguza dada yake ng'ambo ya mlima. Aliondoka akiagiza juu ya mbuzi, uzio na ghala. Maji ya mjane hakuyataja.

Kiondo alilisha mbuzi, akakaza uzio, akalinda ghala. Mahindi yaliposhiba alisimama mferejini akisikiliza, kana kwamba sauti ya baba ingetoka nyumbani. Haikutoka. Maji yaliyobaki akayaacha yapotelee korongoni.

Maharage yakaanza kunyauka. Mama Nakijwa akaja kwenye uzio. "Kiondo mwanangu, mfereji wenu umegoma kuteremka, au mmeniona nimenenepa mno?"

Kiondo alicheka kidogo, kwa aibu. "Baba hakuniagiza, mama."

Mjane aliyatazama maji yakienda bure, akarudi kwake. Kiondo aliinama, mkono ukafika kwenye kizibo. Ukasita. Akifungua kwa akili yake mwenyewe, si ndiyo kujifanya baba? Akaurudisha mkono, na jioni ile chakula kikamshinda.

Baba aliporudi, maharage yalikuwa yamekauka hadi mizizi. Kiondo alimwonyesha mbuzi, uzio na ghala. "Nimeshika yote uliyoniagiza, baba."

Mzee alitazama ng'ambo ya uzio. Hakufoka. "Mwanangu, nilikuwa nakuagiza kwa sababu maharage yake yana kiu. Wewe ulidhani yana kiu kwa sababu nimekuagiza?"

Kisha akanyamaza, makusudi. Kiondo alishuka mferejini, akang'oa kizibo bila kuambiwa. Maji yakapita juu ya mashina makavu, yakalowesha udongo wa kupandia tena.

Ninyi mnaosikia, nijibuni hili tu: siku ile mkono wake ulipofika kwenye kizibo kabla ya agizo lolote, ulikuwa unamtii nani?