Kisanduku Kitupu cha Mjusi

Kisa kipo mlangoni, jamani!
— Kifungulie tukione!
Kina meno.
— Na kiingie na meno yake!

"Laki tatu kwa mistari?" Fisi alifoka, mate yakimruka. "Laki tatu, Mjusi! Hata kunguru angechora kwa kucha zake!"

"Basi ungemwita kunguru, mzee," Mjusi akajibu. "Mimi na wewe tulipatana laki tatu."

Fisi huyu alikuwa na jumba la kompyuta zinazotunza hesabu za mwitu mzima. Nyaya zilijazana ndani ya kuta kama matumbo. Fundi aliyezitandaza alikuwa keshahama, na hapakuwa na aliyejua upi unatoka wapi, unaingia wapi. Ndipo Fisi akamwita Mjusi, apitaye popote, achore kila waya na safari yake. Tena, kwa siku ya hitilafu, achore visanduku vya maswali, kila jibu na mshale wake.

Masika yote Mjusi aliishi ndani ya kuta. Alifuata waya kwa tumbo, akachora. Akafuata mwingine, akachora. Mitambo ikaimba vuuu, vuuu. Hakuna aliyegonga ukuta kumwambia pole na kazi. Aliita tek-tek-tek, akasikiliza. Hakuna tek iliyorudi. Akaanza kuziamkia nyaya: "Umeamkaje, mwekundu? Na wewe wa kijani, hujambo?" Aibu ikamshika. Kesho yake akaziamkia tena.

Na sasa, badala ya malipo, Fisi alimpokonya michoro. "Nenda zako! Mistari haina bei!"

Mjusi hakubisha. Akapanda darini, akangoja. Alikuwa anamjua Fisi tangu zamani, na katika michoro ile kisanduku kimoja alikuwa amekiacha vile alivyotaka mwenyewe.

Haukupita muda, umeme ukakatika, ukarudi. Mlango wa chumba cha barafu, unaofunguliwa na kompyuta, ukagoma. Na humo ndani mapaja ya nyati yananing'inia! Fisi akakimbilia michoro, akasoma kwa sauti:

"Umeme umerudi? Ndiyo. Fuata mshale." Kacha-kacha-kacha, mpaka kwenye swichi.

"Taa ya kijani inawaka? Ndiyo. Fuata mshale." Kacha-kacha-kacha, mpaka mlangoni.

"Mchoraji amelipwa?" Fisi akakuna shingo. "Hapana. Rudi mwanzo."

Akarudi mwanzo. Kacha-kacha-kacha. Akafika palepale. "Mchoraji amelipwa? Ndiyo!" akadanganya. Mshale ukampeleka kwenye kisanduku kitupu. Chini yake pameandikwa: Waya wa kuchomoa atautaja mchoraji mwenyewe.

"Mjusi! Waya upi?"

"Tek! Sijalipwa."

"Nitazing'oa zote!"

"Ng'oa. Upo unaofungua mlango, na upo unaofuta majina ya wote unaowadai. Nami sijawahi kukudanganya, mzee."

Fisi akaurudisha mkono haraka kama aliyegusa kaa la moto. Akarudi mwanzo, labda maswali yamebadilika. Kacha-kacha-kacha. "Mjusi, ndugu yangu!" Kacha-kacha-kacha. "Mjusi, mkia wa bamia wewe!" Kacha-kacha-kacha.

Kule darini Mjusi akatega sikio. Masika yote hakuna aliyelitaja jina lake ndani ya jumba lile, na leo linaitwa kila kona. Fisi akilipa, atakula, atalala, na kutabaki vuuu, vuuu. Mjusi akatamani, kidogo tu, Fisi azunguke mara nyingine. Kisha akajikasirikia. Upweke ni wake, na kazi ni yake pia, nayo ina bei.

Kisa kimechoka kusimama, kinaomba mkeka.
— Kilale, tumeshiba!

Funzo lake, jamani: mwenye mali hulipa bila kukumbushwa, tena kwa tabasamu. Anayebisha apande darini, akamsikilize Mjusi:

"Laki tatu, Fisi. Zote. Lipa."