Kitambaa Kilichochukia Biskuti

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walishonesha nguo kwa fundi na kuvaa sare harusini kama sisi, aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kale kanyama ka mawemawe, kadogo, kasiko na mkia wala haya. Basi huyo ndiye alikuwa fundi cherehani wa mji mzima. Mkono wake ulikuwa mwepesi kushona, na mwepesi zaidi kuiba vipande.

Msinitazame hivyo. Fundi wa kwenu naye, mabaki ya vitambaa vyenu huyapeleka wapi?

Siku moja Bi Kiboko alimletea jora zima la kitenge, chekundu chenye maua ya manjano. Binti yake, Siwema, alikuwa anaolewa baada ya mavuno. Mama mtu na mashangazi wawili, Bi Kifaru na Bi Nyati, walitaka magauni ya sare.

"Fundi, kitenge hiki hakipatikani tena," Bi Kiboko alimwambia. "Ukikiharibu, mimi na wewe hatujuani."

"Mimi niharibu, mama? Kwa mkono huu?"

Bi Kiboko alipoondoka tu, Pimbi akamkumbuka mkewe, aliyekuwa akilalamika kwamba mke wa fundi ndiye anayetembea na viraka. "Kapande kadogo tu," akajiambia. Kacha! Gauni la mke. Kacha! Shati la mtoto. Na mwenzake je, alie? Kacha, kacha! Hata pazia la dirisha likapatikana. Alipozinduka, jora lilikuwa limekonda. Akashona magauni matatu kwa kilichobaki, anavuta hapa, anabana pale, tirrr, tirrr, huku jasho linamtoka.

Siku ya kujaribu ikafika. Bi Kifaru akaingiza kichwa, akaingiza mikono, mwili ukagoma.

"Vuta!" Bi Kiboko akamhimiza.

"Navuta!"

"Basi rudisha tumbo ndani, wifi!"

"Hilo ndilo limesharudi!"

Chaaa! Mshono wa ubavuni ukaachia. Vifungo vya Bi Kiboko navyo vikaruka, ta! ta! ta! Kimoja kikamgonga Bi Nyati puani.

Bi Kifaru akaisogeza pembe yake karibu kabisa na uso wa Pimbi. "Umetuibia kitambaa wewe! Siku ya harusi nikikosa gauni, nitaikanyaga hiyo cherehani mpaka iwe chapati. Na wewe utakuwa chini yake!"

Pimbi akarudi nyuma mpaka ukutani. Akatupa macho huku na huku akitafuta pa kutokea. Akamwona Bi Nyati ameshika pakiti ya biskuti, na Bi Kiboko anateremsha soda ili atulie.

Maana katika mji ule, tangu Kunguru afungue duka, masufuria yalikuwa yamelala kifudifudi. Asubuhi biskuti, mchana tambi za pakiti, jioni soda na chipsi. Mihogo ilioza shambani bila mtu wa kuing'oa. Bi Kiboko alikuwa hawezi kufika kisimani bila kukaa njiani kupumua, na jambo hilo lilimtia hofu kweli, kwa sababu ni desturi mama wa bibi harusi kuongoza ngoma mpaka juu ya kilima, kwa kina bwana harusi. Mama asipofika, bibi harusi haingii ndani. Anarudi kwao.

Pimbi akaweka kidole mdomoni. "Shiii! Semeni polepole. Kitambaa kinasikia."

"Nini?"

"Hamkuambiwa mlikonunua? Hiki ni kitambaa chenye wivu, mashangazi. Kinachukia kila kitu kilichotoka kwenye pakiti au chupa. Kikinusa biskuti tumboni mwa mtu, kinajikaza. Lakini kikinusa chakula kilichotoka shambani na ganda lake, au jani lake, au udongo wake, kinalegea chenyewe."

"Mwongo mkubwa!" alisema Bi Kifaru.

"Haya, shangazi. Leo umekula nini?"

Bi Kifaru akababaika. "Biskuti... kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Katoni."

"Unaona? Ndiyo maana kimekukaba!"

Wakatazamana. Wakalitazama gauni. Bi Nyati akaificha pakiti yake nyuma ya mgongo, ili kitambaa kisiione.

Lo, mji ukageuka! Masufuria yakafufuka. Kunde zikachemka, mchicha ukachumwa, sembe ikaachwa ukaliwa ugali wa dona. Viazi vitamu vilichemshwa na maganda yake, mapapai yakakatwa, mahindi yakachomwa. Kunguru akakauka sauti kwa kupiga kelele, "Kwaa! Biskuti mpya! Nunua moja, chukua mbili!" Nani amsikilize?

Kila Ijumaa walikwenda kwa fundi kujaribu. Ijumaa ya kwanza gauni la Bi Nyati lilikataa katakata.

"Shangazi," Pimbi akamwuliza, "umekula kitu?"

Bi Nyati akaangua kilio. "Soda! Nilijifungia chooni nikainywa! Kimejuaje, jamani?"

Tangu siku hiyo hakuthubutu tena. Ijumaa zikapita, mishono ikaanza kukutana. "Kimelegea!" Bi Kifaru alipiga kelele. "Kitambaa kimenisamehe!" Bi Kiboko naye akawa anakwenda kisimani na kurudi, ndoo kichwani, na wimbo mdomoni. Furaha aliyokuwa nayo mama yule siwezi kuwaeleza.

Ilipokaribia harusi, walikuja wamekunja uso.

"Fundi, sasa kitambaa kimefurahi kupita kiasi. Magauni yanatuvuka! Hebu yapunguze."

Hapo Pimbi angemshukuru Mungu wake na kushona kwa adabu. Lakini mwizi haachi. Kacha! Akapata kofia yake mwenyewe. Kacha! Akapata mbeleko ya mtoto mchanga.

Siku ya harusi ngoma ililia, ti-ki-ti, ti-ki-ti, dum! Mbele kabisa Bi Kiboko, kiuno kinazunguka, anapanda kilima hatua kwa hatua bila kusimama. Nyuma yake mashangazi, wanang'aa kwa kitenge chekundu. Vigelegele, lililililili! Siwema alipomwona mama yake amefika juu kwa miguu yake, alilia mpaka wanja ukamchuruzika, akaingia nyumbani kwa mumewe.

Wakiwa bado wanashangilia, akatokea Mama Pimbi, mke wa fundi, amechelewa kidogo. Gauni, kitenge chekundu maua ya manjano. Kilemba, kilekile. Watoto nyuma, mashati yaleyale. Mtoto mgongoni, mbeleko ileile.

Ngoma ikanyamaza.

"Dada," Bi Kifaru akauliza polepole, "sare hiyo umeipata wapi?"

"Hii?" Mama Pimbi akajigeuza waione vizuri. "Mume wangu ananipenda huyo! Alinishonea mimi kwanza, kabla hajayagusa yenu."

Pimbi alikuwa tayari anatambaa chini ya meza ya pilau. Bi Kifaru akamvuta kwa kofia.

"Kumbe uliiba! Kumbe kitambaa hakijikazi wala hakilegei!"

"Hakikulegea hata uzi mmoja, shangazi," Pimbi akalia. "Ninyi ndio mmepungua!"

Bi Nyati akaruka. "Yaani zile soda zote ningeweza kunywa?"

"Ungeweza. Na sasa hivi ungekuwa umekaa kule chini ya kilima, umeshika kifungo mkononi."

Bi Kiboko akageuka akakitazama kile kilima. Akaitazama miguu yake. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha akacheka kwa sauti kubwa mpaka ndege wakaruka mitini. Bi Kifaru alijaribu kushikilia hasira, ikamponyoka, naye akacheka.

"Fundi," alisema akifuta machozi, "utatushonea bure mpaka wajukuu wa Siwema waolewe. Na kila tukija, mkeo atuwekee mihogo na kunde mezani. Haya, piga ngoma!"

Hapo ndipo nilipowaacha wakicheza, wanangu, na funzo ni hili: chakula cha shambani humpunguzia mlaji unene, na wizi humpunguzia fundi heshima.