Funguo za Mzee Shemweta

“Mwachie mtu ufunguo siku nyingi, atakukaribisha kwako.” Mmeisikia leo mkutanoni, mkaona wazee wanatazamana, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Imetoka hapa hapa, katika shule mliyosoma, nami nilikuwepo. Ilianza hivi.

Mzee Shemweta alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya shule wakati madarasa yalikuwa mawili, tena ya udongo. Kila baada ya miaka mitatu wazazi walichagua upya, na kila mara walimrudisha yeye. Mpeni amalizie choo. Choo kikaisha. Mpeni amalizie ofisi. Ofisi ikaisha. Mimi mtu ambaye kazi yake haiishi simwamini, lakini nani angemsikiliza mwanamke mwenye domo kama langu? Walimu wakuu walikuja wakahamishwa, yeye akabaki, na funguo zote za shule zikining’inia shingoni mwake kwa kamba ya katani.

Minong’ono ikaanza. Watoto wanne wanagombania kitabu kimoja, na kila mara tunasikia vingine vimeletwa. Mbona stoo haifunguliwi? Tukasema anauza. Watu wakaenda kuchungulia kwake, wakakuta kuku na baiskeli mbovu. Mkewe alivaa kanga iliyopauka kuliko zangu. Hapo shaka ikazidi: mwizi asiyekula, anaficha wapi?

Aliyechoka kunong’ona alikuwa jirani yangu, Mama Zubeda. Binti yake alikuwa darasa la saba, ana akili, lakini alisomea kitabu cha kuazima, na akifika ukurasa uliochanika anakisia. Mtihani ulikuwa umekaribia. Mama mwenyewe alifeli mtihani huo huo akaishia kwenye jembe, na hakutaka mwanawe amfuate.

Siku ya uchaguzi ikafika. Sasa sikieni ujinga wetu. Kwa desturi tulichagulia ndani ya darasa kubwa, na ufunguo anao yeye. Basi tukasimama uani, mvua inatunyeshea, tukimngoja mtu tunayetaka kumwondoa aje atufungulie ili tumwondoe. Akaja taratibu na mwavuli wake. Akafungua, akasimama mlangoni.

“Karibuni kwangu,” alisema. “Futeni miguu kwanza.”

Tukafuta miguu. Wengine walisema ahsante.

Mama Zubeda hakuingia. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Ingia.”

“Siwezi kukaribishwa hapa. Matofali ya darasa hili alifyatua baba yangu. Naomba utufungulie stoo.”

“Na matope haya? Mtachafua.”

“Fungua, mzee wangu. Kama umeuza, tujue. Kama hujauza, tujue.”

Waliokwisha kukaa wakainuka. Mzee akatazama huku na huku, hakuona wa kumtetea, akavua kamba shingoni. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

Hakikupungua kitu. Vitabu vilijaa hadi darini, vimefunikwa nailoni, vumbi hakuna. Mzee alilia kwa uchungu wa kushukiwa. “Nimewalindia,” alisema. “Watoto wangeviharibu. Tazameni, vipya kabisa.”

Tuliona haya. Mmoja akaanza kusema mzee aongezewe miaka mitatu. Lakini Mama Zubeda alikuwa amepenya hadi nyuma kabisa, na akatoka na kitabu kimoja mkononi.

“Hivi vya nyuma tulivishusha sisi,” alisema. “Mimi na wenzangu, kutoka kwenye gari, kwa vichwa vyetu. Tukaambiwa ni vyenu, darasa la saba, Jumatatu mtaanza kuvisoma.”

Mzee akamkabidhi kamba ya funguo.

Zubeda alipelekewa vitabu siku ile ile, na mtihani alifaulu. Cha mama yake kilikuwa bado kipya, ila mwenyewe hakuwa tena na darasa la kurudi.

Ndipo tukakubaliana kuwa mjumbe wa kamati atakaa vipindi viwili, kisha akabidhi funguo, hata akiwa malaika. Mwizi tungemfukuza mapema. Huyu alikuwa mwaminifu, ndiyo maana alitupotezea watoto wengi hivyo. Kwa hiyo mtu akiwaambia hajaiba, mwaminini, halafu mwombeni ufunguo. Mwachie mtu ufunguo siku nyingi, atakukaribisha kwako.