Mwiko wa Bibi Mghoi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolala na njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wengine hapa huwapa sahani ya mchele. Mimi leo sina mchele, nina ungo wa chokaa, na hadithi yenyewe si ya kuchekesha. Anayetaka ya Sungura aende kwa jirani.

Hapo kale, kale ya babu wa babu zetu, palikuwa na kijiji mlimani, na katikati ya kijiji palikuwa na kanisa la mawe. Waliolijenga walibeba mawe kichwani kutoka mtoni. Jiwe kwa jiwe, siku kwa siku, mama na mtoto mgongoni, hata kuta zikapanda, hata paa likapanda, hata kengele ikapanda. Ngo, ngo, ngo. Watu wa vilima vya ng'ambo wakaulizana, kuna nini kule? Wajenzi wakafa mmoja mmoja. Kanisa likabaki.

Na kanisa la mawe ni kama mwili wa mzee. Mvua ya leo italiuma kesho kutwa.

Aliyelitibu alikuwa mwanamke mmoja, jina lake Bibi Mghoi. Kazi hiyo aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na mamaye. Kila mwaka kabla ya masika alichoma mawe ya chokaa, akayazima kwa maji, fsss, akachanganya na mchanga, akachukua mwiko wake. Ulikuwa mwiko wa chuma, umelika upande mmoja kwa kazi. Kisha akalizunguka kanisa akibisha ukuta kwa kifundo cha kidole. Anabisha, anasikiliza. Ukuta mzima ulimjibu ko. Ukuta wenye ufa ndani ulimjibu bu. Penye bu alipachimba akapaziba, kabla ufa haujatoka nje kuonekana na watu. Shikeni hayo, nitawauliza. Ukuta mzima husema?

Ko!

Ukuta mgonjwa?

Bu!

Vizuri. Miaka arobaini Bibi Mghoi alifanya hivyo. Hakuna aliyemlipa, na sitawadanganya, hakuna aliyemshukuru. Ufa uliozibwa kabla haujatokea, nani atauona?

Lakini chokaa haizibi kila kitu. Mchwa waliingia kwenye mbao za paa. Bibi Mghoi akawaendea wazee wa kanisa, akawaambia kwamba maji yanashuka kutoka juu na kuingia ndani ya kuta, kwamba yeye anatibu miguu na ugonjwa uko kichwani. Zilihitajika mbao ngumu na mafundi wa paa kutoka mbali. Kijiji hakikuwa navyo. Ilikuwa miaka ya njaa, watu walikula mizizi.

Sasa, katika mji wa mbali palikuwa na nyumba iliyoitwa Mfuko wa Majengo ya Kale. Ukiwa na jengo la wazee wako linaloumwa, unauandikia Mfuko. Mfuko unakuletea fomu. Unaijaza. Mfuko unamtuma mkaguzi. Mkaguzi akiridhika, mnapewa msaada wa kulikarabati. Ndivyo ilivyosemwa, na watu waliposikia walilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu mvua kukatika.

Mwenye kalamu pale kijijini alikuwa Mwalimu Zefania, karani wa wazee wa kanisa. Huyu ni babu wa babu yangu mimi, kwa hiyo mkimcheka, mchekeni kwa adabu.

Mwalimu akajaza fomu. Kra, kra, kra. Jina la jengo. Umri wa jengo. Maradhi ya jengo. Fomu ikaenda, siku zikaenda, mkaguzi akaja na kamba yake ya kupimia. Hakuwa mtu mbaya. Alilizunguka kanisa, akaona kuta nyeupe, nyufa hazipo. Akabisha mahali pamoja. Ko. Akatazama paa kutoka chini, jua linawaka, hakuna tone linalodondoka, na ngazi ya kumfikisha juu haikuwepo. Akawaambia wazee kwa upole kwamba ameona makanisa yaliyolala chini, na hili lao bado linatembea. Mfuko ni wa wagonjwa. Akafunga daftari, akashuka mlima.

Wazee wakakaa kushauriana. Mwisho Mwalimu Zefania akasema kwamba wameponzwa na weupe. Kama mkaguzi anataka kuuona ugonjwa, aonyeshwe. Nyufa zisizibwe mwaka huu. Mwaka mmoja tu. Naye alisema kwa nia njema. Mabaya mengi ya kijiji kile yalisemwa kwa nia njema.

Wakamwita Bibi Mghoi.

"Bibi," akasema Mwalimu, "weka mwiko chini."

"Mwiko upi, mwalimu? Kuna mwiko unaoushika, na kuna mwiko unaokushika."

Wazee wakacheka, kwa kuwa wote walilelewa kwa miiko. Usile umesimama. Usimwite mkubwa kwa jina. Usimruke mzee aliyelala. Mwalimu akamwambia ni ule wa chokaa, akamweleza na sababu. Bibi Mghoi hakucheka.

"Nyufa wataziona," akasema. "Lakini ukuta haujui kungoja barua."

Wakamwambia ni mwaka mmoja. Akaupangusa mwiko kwa upindo wa nguo yake, akauweka juu ya meza ya wazee, kwenye chumba cha nyuma ya madhabahu, akatoka. Kanisa halikuwa lake peke yake, na waliolisemea walikuwa wamesema. Je, alikosea kutii? Msiniulize. Nimeliwaza jambo hilo mpaka nimeota mvi, na sijapata jibu.

Masika yakaja. Chwa, chwa, chwa. Bibi Mghoi alikwenda kanisani kila siku, mikono mitupu, akabisha. Ko. Ko. Bu. Akamwendea Mwalimu, akamwambia kona ya kusini imesema bu. Mwalimu akamjibu vizuri, tutaandika. Juma la pili akamwendea tena. Ko. Bu. Bu. Vizuri, Bibi, tutaandika. Walizipokea zile bu kama mtu anayepokea habari za vifaranga kuanguliwa.

Nyufa zikatoka nje. Ndipo fomu ya pili ilipojazwa, mbele ya wazee wote, na Bibi Mghoi ameketi karibu na mlango, kwa kuwa hakujua kusoma na alitaka kusikia. Kra, kra, kra. Mwalimu akafika kwenye swali ambalo mara ya kwanza alilipita bila kulifikiria: Nani hulitunza jengo hili?

Kalamu ikasimama. Akiandika Bibi Mghoi, wataulizwa, mbona basi kuna nyufa? Akafikiri. Akaandika neno moja. Mzee mmoja akamtaka asome alichoandika.

"Hakuna," akasoma Mwalimu Zefania.

Watu wakatazama chini. Miaka arobaini ya chokaa, na mingine mingi ya mama yake na ya bibi yake, ilifutwa kwa neno fupi kuliko jina la mbuzi. Bibi Mghoi akainuka polepole.

"Nimeitwa majina mengi, mwalimu," akasema. "Hilo ni jipya."

Akaenda zake. Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali kwetu sisi tuliozaliwa baadaye.

Fomu ikaenda. Jibu halikuja. Kiangazi kikapita, vuli ikapita, masika mengine yakaingia, na ufa wa kona ya kusini ukawa unapitisha mkono. Mijusi ikahamia. Kila mtu aliuona sasa, na hakuna aliyethubutu kuuziba, kwa hofu mkaguzi asije akakuta umezibwa. Bibi Mghoi akawaendea wazee.

Nirudishieni mwiko wangu.

Mkaguzi yuko njiani, Bibi.

Akarudi baada ya mwezi. Nirudishieni mwiko wangu.

Mkaguzi yuko njiani, Bibi.

Ikafika Jumapili moja. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kupumzika. Kabla ya kengele, Bibi Mghoi alikwenda kwenye kona yake ya kusini. Akabisha. Haya, ninyi. Ukuta ukasema?

Mbona mmenyamaza?

Ndiyo. Na wenyewe ulinyamaza. Haukusema ko, haukusema bu. Kifundo kiligonga kitu kisichorudisha sauti, kana kwamba hapakuwa na mtu ndani. Katika miaka yake yote hakuwahi kusikia hivyo. Akazunguka mpaka mlango mkubwa, akajilaza kwenye kizingiti, kichwa huku, miguu kule.

Watu wakaja na nguo zao za ibada. Wakasimama mvuani. Wengine wakanong'ona kwamba kikongwe analipiza kwa lile neno la kwenye fomu. Mwalimu Zefania akapita katikati yao.

"Bibi, ondoka mlangoni, watu waingie."

"Waingie," akasema Bibi Mghoi. "Waniruke."

Hakuna aliyesogea. Kumruka mzee aliyelala! Hata mlevi wa kijiji asingefanya.

"Mwiko wangu mmoja mliuzuia mezani, mwalimu. Huu mwingine haukai mezani."

Mwalimu alikasirika. Niseme kweli, ni damu yangu na nitasema kweli: aliinua mguu. Aliuinua mbele ya watu wote, ukakaa hewani. Kisha akaurudisha chini, akageuka, akaanzisha wimbo pale pale nje, na watu wakaupokea huku maji yakiwatiririka shingoni.

Walikuwa kwenye ubeti wa pili. Krrr. Ikawa ni mbao za paa. Krrrr. Kisha gu-du-du-du-du, kona ya kusini ikaenda, ukuta wa kusini ukaifuata, paa likaingia ndani, ukuta wa kaskazini ukalalia juu yake. Kengele ikalia mara moja tu. Ngo. Halafu vumbi, hata mvuani vumbi.

Watu wakahesabiana. Wote wazima, mpaka watoto wa mgongoni. Palibaki pamesimama mlango mkubwa na tao lake, na chini ya tao Bibi Mghoi, mweupe mwili mzima kama siku zake za kazi. Jiwe moja lilikuwa limempiga nyonga. Wakambeba nyumbani kwa machela.

Siku ya saba barua ikafika. Mwalimu Zefania aliifungua kando ya kitanda cha Bibi, akapiga magoti ili aisome. Mfuko umekubali, bado mkaguzi kuja kuthibitisha. Mbao zitakuja. Mafundi watakuja.

Bibi Mghoi akauliza, "Na pale penye anayelitunza, wameandika nani?"

"Wameandika kama nilivyoandika mimi."

"Basi msaada si wetu," akasema. "Ni wa huyo Hakuna. Mpelekeeni."

Mwalimu akaomba msamaha. Akauomba mara tatu. Bibi Mghoi alimshika mkono, na kwetu tumerithi kwamba kule kumshika ndiko kumsamehe, lakini kusema hakusema. Siku ya nane akafa.

Siku ya tisa wakamzika, kando ya mlango. Siku ya kumi mkaguzi akafika, na kamba yake ya kupimia. Akalitazama lile rundo, akavua kofia. Akawaeleza wazee kwamba Mfuko hukarabati kilichosimama, na rundo halina mahali kwenye karatasi zake. Aliumia, ilionekana. Mwalimu Zefania akamwonyesha mlango. Mlango umesimama, Bwana. Hata mlango tu.

Mkaguzi akatoa fomu. Akaandika jina, akaandika umri. Akafika kwenye lile swali.

"Nani huutunza mlango huu?"

"Bibi Mghoi," akasema Mwalimu Zefania, kwa sauti ya kusikiwa na watu wote.

"Yuko wapi?"

Mwalimu akamwonyesha udongo mbichi. Mkaguzi akautazama, akaitazama fomu.

"Basi niandike hakuna?"

Mwalimu Zefania akamgeuzia mgongo. Alikwenda kwenye rundo, pale palipokuwa na meza ya wazee, akaanza kuondoa mawe kwa mikono. Mkaguzi alingoja, kisha akashuka mlima. Mwalimu alifukua siku ishirini na moja. Aliutoa mwiko umepinda, akaunyoosha kwa nyundo, na kila mwaka kabla ya masika, mpaka alipokufa, aliusiriba ule mlango kwa chokaa. Mwanawe naye, na mwana wa mwanawe. Kanisa halikujengwa tena. Msaada haukuja. Mlango upo, mweupe, unafunguka kwenye majani.

Mnaijua ile methali ya ufa na ukuta. Nyote mnaijua. Nao waliijua, waliwafundisha watoto wao. Basi funzo langu si hilo. Kuomba msaada si aibu, na aliyeomba hakukosa. Ila unapoandika shida zako kwa mgeni, usimfute aliyezibeba kabla yako, kwa maana ukimwandika hayupo leo, iko siku utamtafuta kwa mikono yako jiwe kwa jiwe.

Mwezi uliopita nilikwenda, mwiko mkononi. Nilibisha. Ukasema?

Ko!

Ko. Mlango ni mzima, na ndani hamna kitu. Hadithi yangu imenifikisha kwenye kizingiti hicho, nayo haivuki. Imeishia hapo.